Uzi: Springi za gari la kuvuta na tela la kambi kwa barabara za Nyanda za Juu Kusini

MizaniKwanza (Mbeya)

Wakuu, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu maswali ya springi na matela yanaulizwa vipande vipande, na majibu mengi yanaanzia mwisho. Mtu anashauriwa afunge springi ngumu kwanza, halafu ndiyo aanze kutafuta tela. Huko ni kununua kiatu kabla ya kujua mguu. Anza na uzito wa tela likiwa limepakiwa, pima uzito unaokaa kwenye shingo yake, jumlisha na mzigo uliomo ndani ya gari, ndipo ujue springi gani inakufaa. Mara nyingi ukishapata tarakimu hizo utagundua kwamba dawa ni kupunguza tela, springi wala hazina kosa.

Nitasema "shingo" kwa chuma cha mbele cha tela, "gololi" kwa ile mpira ya chuma iliyo kwenye tobaa (chuma cha kuvutia nyuma ya gari), na "kikombe" kwa kinachoifunika. Tuelewane hapo.

Uzito wa shingo uwe karibu asilimia 10 ya uzito wa tela lililopakiwa. Tela la kilo 1,000 liweke kilo 80 hadi 120 kwenye gololi. Ikishuka chini ya hapo tela linaanza kutikisa mkia, na kutikisa mkia ukiwa unashuka mteremko wa Kitonga na malori mbele na nyuma ni jambo la kuua watu. Ikizidi sana, gari linakaa kitako.

Kupima nyumbani hakuhitaji mizani kubwa. Tafuta ubao mnene wa mita moja na ushee na vipande viwili vya bomba. Kipande kimoja kiweke juu ya tofali, kingine juu ya mizani ya kujipimia mwili, vitengane sm 90, kisha laza ubao juu yake. Rudisha mizani kwenye sifuri ubao ukiwa tayari umelala. Halafu teremsha shingo juu ya ubao kwa kigingi kilichosimama chini ya kikombe chenyewe, sm 30 kutoka bomba la tofali na sm 60 kutoka bomba la mizani. Soma, zidisha mara 3. Ikisoma 33, shingo ina kilo 99. Tela liwe limenyooka sawa na litakavyokaa kwenye gari, na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Msipime kwa gurudumu la jeki ya shingo: jeki iko nyuma ya gololi, kwa hiyo inasoma zaidi ya ukweli.

Sasa sehemu ambayo wengi hawaijui. Kilo 100 kwenye gololi haziongezi kilo 100 kwenye ekseli ya nyuma, zinaongeza zaidi. Gololi iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo gari linafanya kazi kama mtaimbo. Chukua Hilux ya milango minne ya 2005 hadi 2015: kati ya ekseli na ekseli ni kama mita 3.1. Ikiwa gololi iko mita 1.24 nyuma ya ekseli ya nyuma, gawanya 1.24 kwa 3.1, unapata 0.4. Maana yake ekseli ya nyuma inabeba kilo 140, na ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 40. Hizo 40 za mbele ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko 140 za nyuma, kwa sababu usukani na sehemu kubwa ya breki viko mbele.

Kabla ya kununua chochote, pima kimo cha gari kwa futi kamba kutoka katikati ya habu hadi mdomo wa fenda, pembe zote nne, gari likiwa kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka. Andika. Pakia kila kitu, fungasha tela, pima tena. Nyuma ikishuka zaidi ya mm 50 au mbele ikipanda zaidi ya mm 20, kuna kazi ya kufanya. Usipime kutoka ardhini, maana tairi lenye upepo pungufu litakudanganya.

---

Kona57

Mkuu shukrani kwa uzi. Nina Hilux ya aina hiyo uliyoitaja, nataka tela la kupandisha Matamba hadi Kitulo na siku nyingine kushuka Matema. Fundi kasema aniongezee jani moja nene kila upande, basi. Ni bei ndogo. Kuna ubaya?

---

JaniLaTatu (Mafinga)

Kona57, ubaya upo, na upo kwenye hilo neno "nene".

Ugumu wa jani haupandi sawasawa na unene wake. Unapanda kwa unene kuzidishwa wenyewe mara tatu. Jani la mm 8 ukililinganisha na la mm 6 lenye upana na urefu uleule, ni gumu mara 2.37. Ukiliingiza kwenye seti ya majani ya mm 6, lenyewe linabeba mzigo kuliko wenzake na linapokea mkazo mkubwa zaidi kwa kupinda kulekule. Kinachofuata kinajulikana: jani hilo linapasuka kwenye tundu la senta bolti, au jani kuu linavunjika pale ncha ya jani jipya inapogotea. Springi za namna hii zikivunjika, kuvunjika huanzia hapo hapo.

Ukitaka kuongeza jani, liwe la unene uleule na yale yaliyopo, liwe na mkunjo mkubwa kidogo kuliko jani linalokaa juu yake, na ncha zake zichongwe zipungue, zisiachwe zimekatwa mraba kama zilivyotoka kwenye mkasi. Urefu wake uwe katikati ya jani la juu yake na la chini yake. Usikubali jani linyooshwe au kukunjwa kwa moto wa gesi. Chuma cha springi kina ugumu kilioupata kiwandani kwa kuchomwa, kuzimishwa na kuchomwa tena kwa joto dogo. Fundi akikipasha hadi kiwe chekundu na kukiacha kipoe chenyewe, umebaki na kipande cha chuma laini. Kitakaa vizuri wiki mbili, halafu kitalala. Na usichomelee kitu chochote juu ya jani, hata kipande kidogo cha kushikia waya wa breki.

Mengine ambayo mafundi wengi wanayaruka:

Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ni za kutumia mara moja. Zikishavutika hazishiki tena sawasawa, na yubolti iliyolegea ndiyo inayoua senta bolti, kwa kuwa senta bolti imewekwa kupanga majani tu, haikuwekwa kushikilia ekseli. Nunua mpya pamoja na nati zake. Zikaze kwa mkingamo, kidogo kidogo, nati nne zote za upande mmoja zipande pamoja, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na spana ya kipimo si anasa hapa.

Bolti za bushi na shakeli (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chasisi) zikazwe mwisho kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki na ekseli inaning'inia, mpira wa bushi unagandishwa katika mkao huo. Ukiteremsha gari mpira unasokotwa na utakaa umesokotwa maisha yake yote. Unachanika ndani ya miezi michache, na mwenye gari analaumu bushi.

Kama gari unalitumia kila siku mjini, na tela unalivuta mara mbili kwa mwezi, usifunge springi za mzigo wa kudumu wa kilo 300. Springi hizo zinategemea kilo 300 ziwepo siku zote. Gari tupu litaruka kwenye kila tuta la pale Uyole na shokapu zitapiga mwisho wa urefu wake hadi zife.

---

MizaniKwanza

Naunga mkono, na nimpe Kona57 hesabu yake ilivyo. Tuseme mfuniko wa nyuma ni kilo 60, friji na chakula 45, madumu mawili ya dizeli ya lita 20 kilo 40, zana na jeki 40. Hiyo ni 185. Ongeza 140 za shingo tulizokokotoa, unafika 325. Hapo ndipo muuzaji anakupa springi za kilo 300 na anaonekana ana haki.

Lakini angalia vizuri: vya kudumu humo ni mfuniko na zana, kilo 100. Vingine vyote vinakuja siku ya safari. Hamisha madumu na friji viingie ndani ya tela, karibu na ekseli yake, shingo ibaki kilo 80 hadi 90, na ekseli yako ya nyuma inapata nyongeza ya kilo 220 hivi siku ya safari. Springi ya daraja la kati inatosha na gari linabaki gari la kila siku. Ndiyo maana nasema anza na tela.

---

Mwananyasa

Wakuu, vipi puto za hewa zile za kuweka kati ya ekseli na chasisi? Unajaza ukiwa na tela, unatoa ukiwa mtupu. Zinaonekana ni jibu la hili tatizo.

---

JaniLaTatu (Mafinga)

Kwa gari lenye springi za koili nyuma, mfano Prado, puto linaingia ndani ya koili na linakaa palepale ambapo mzigo ulikuwa unakaa. Hapo sina tatizo nalo, mradi upepo usizidi kipimo cha mtengenezaji, na puto lisisuguliwe na mchanga au koili yenye kutu.

Kwa Hilux na pikapu nyingine za majani ni habari nyingine. Springi ya majani inaishika chasisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, zaidi ya mita moja kati yao. Ukijaza puto, sehemu kubwa ya mzigo inahamia kwenye nukta moja katikati, juu ya ekseli. Nyuma ya nukta hiyo kuna mzigo wa bodi, mfuniko na shingo ya tela, vyote vinabonyeza chini. Gari likitua kwenye shimo kwa kasi, chasisi inapinda nyuma ya kibanda. Australia picha za pikapu zilizopinda hivyo zimejaa, na nyingi zina puto na tela. Alama za mwanzo ni uwazi kati ya kibanda na bodi kuwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, na rangi kupasuka mistari midogo kwenye chasisi. Pima uwazi huo juu na chini leo, andika, pima tena baada ya safari.

---

MizaniKwanza

Hapa natofautiana nawe kidogo, mkuu wangu. Puto lenye upepo mdogo, la kusaidia tu kunyanyua mm 15 au 20, sijaona likivunja chasisi ya mtu. Linaloua ni puto lililojazwa kuficha mzigo uliozidi. Ila kwa kuwa mtu akishakuwa nalo hujaza hadi gari linyooke, sitalishauri kwa mgeni.

Shokapu nazo tusizisahau. Springi inabeba mzigo, shokapu inazuia usiendelee kuruka. Ukiongeza ugumu wa springi ukabaki na shokapu za zamani, gari litanesa mara tatu nne baada ya kila tuta, na likinesa, shingo ya tela inapandisha na kushusha nyuma yako. Barabara ya Iringa kwenda Ruaha, pale penye rasta (vituta vidogo mfululizo), shokapu inafanya kazi bila kupumzika; mafuta yake yanapata joto na kuchanganyika na hewa, inalainika. Simama, weka kiganja karibu nayo bila kuigusa. Moja ikiwa ya baridi na wenzake wa moto, hiyo ya baridi imekufa.

---

Turubai_Iringa

Naomba niingie upande wa tela lenyewe, maana nyote mko chini ya gari.

Kwa barabara zetu nashauri tela la ekseli moja, uzito likiwa tupu usizidi kilo 550 au 600, na likipakiwa lisivuke 1,000. Ekseli mbili zinafaa lami. Kwenye kona za Matamba zinakwaruza matairi kwa pembeni kila unapogeuka.

Upana kati ya magurudumu ya tela uwe sawa na wa gari. Njia ya matope ya Kitulo wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, ina mifereji miwili iliyochimbwa na magari. Tela jembamba linaweka gurudumu moja mferejini na jingine juu ya tuta, na unalivuta likiwa limeegemea upande. Rimu na matairi pia yawe ya gari: Hilux ina tundu 6 kwenye mzunguko wa mm 139.7, Land Cruiser za 70 tangu 1999 zina tundu 5 kwenye mm 150. Ukifananisha, tairi moja la akiba linaokoa vyote viwili.

Matela yanayopita Tunduma kutoka Afrika Kusini yana faida moja inayosahaulika: kule wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mlango na jiko vinafunguka upande wa kushoto, mbali na magari. La kutoka Ulaya bara linafungukia kulia. Ukilisimamisha kando ya barabara kuu pale Makambako, mpishi anasimama kwenye njia ya mabasi.

Tangi la maji litazameni kwa makini. Tuseme kutoka gololi hadi ekseli ya tela ni mita 3. Lita 100 zilizoko sm 60 mbele ya ekseli zinaongeza kilo 20 kwenye shingo. Zikiwa sm 60 nyuma ya ekseli zinaondoa kilo 20. Shingo iliyopimwa kilo 85 tangi likiwa tupu inakuwa 65 ukilijaza, na tela la tani moja lenye shingo ya 65 lina mkia mwepesi wa kuchezacheza. Nunua lenye tangi juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na pima shingo mara mbili, tangi tupu na tangi limejaa.

Hema liwe la turubai la pamba iliyochanganywa, la gramu 350 hadi 400 kwa mita ya mraba. Nailoni ya plastiki inatoa jasho kwa ndani. Kitulo iko kwenye kimo cha mita 2,600 na Juni hadi Julai usiku kunaweza kuwa na sakitu, asubuhi blanketi zote zimelowa. Zipu zifunikwe na mkunjo wa turubai, vumbi la njia ya Ruaha ndilo linalozimaliza.

---

Kona57

Dada shukrani sana. Swali: kuna fundi anatengeneza tela kwa kutumia ekseli ya nyuma ya pikapu iliyokatwa, pamoja na springi zake. Bei yake ni chini ya nusu ya la nje. Nilikwepe?

---

JaniLaTatu (Mafinga)

Usilikwepe kwa kuwa limetengenezwa hapa. Likague.

Kwanza, ekseli ya pikapu yenye difu ndani ni mzigo mzito usiobebwa na springi. Kila shimo linaupiga juu, nao unalipiga tela. Difu ikitolewa unapunguza sana, lakini basi mirija izibwe na beringi zipakwe grisi, kwa kuwa mafuta ya difu ndiyo yaliyokuwa yanalainisha baadhi yake. Ekseli nyofu ya chuma cha mraba ni bora: mm 40 kwa tela la hadi tani moja, mm 45 ukielekea tani moja na nusu.

Pili, springi za pikapu zilitengenezwa kubeba gari na mzigo wake. Chini ya tela la kilo 700 hazipindi kabisa. Tela linaruka hewani, sahani zinavunjika, nati zinafunguka zenyewe. Toa majani hadi tela lililopakiwa likae na springi imepinda kiasi cha nusu ya safari yake, huku uwazi hadi mpira wa kugotea ukibaki sm 7 au 8. Usitoe jani kuu wala la pili linalolinda jicho lake.

Tatu, shingo. Iwe ya pembe mbili zinazokutana kwenye kikombe, bomba la mraba la mm 100 kwa 50 lenye unene wa mm 4, na lipite chini ya boksi hadi kwenye vishikio vya mbele vya springi. Likiishia kwenye ukingo wa mbele wa boksi, hapo ndipo litakatika. Angalia uchomeleaji: mstari unaokatisha upande wa chini wa bomba ni mwanzo wa ufa. Chomelea kwa urefu, pembeni, na kiraka kikiwekwa kiwe na ncha zilizochongoka kama almasi, kisiwe mraba.

Nne, beringi. Uliza namba. LM67048 ya ndani na LM11949 ya nje zinapatikana kwa urahisi, na hiyo ni sababu tosha ya kuzichagua kwa tela la tani moja. Kaza nati huku unazungusha gurudumu hadi liwe zito, legeza robo mzunguko, kisha kaza kwa vidole tu, weka kotapini mpya. Ukishika tairi juu na chini ukalitikisa, usikie mchezo mdogo sana wa kuhisi, usioonekana. Baada ya kilomita 20 au 30 gusa habu: vuguvugu ni sawa, ya kuunguza ina maana umekaza mno au grisi haipo. Na usiingize habu ya moto kwenye mto. Hewa ya ndani inapoa ghafla na kunyonya maji kupita oili sili. Simama robo saa kwanza.

---

WayaMwekundu

Ngoja nije kwenye breki, kwa sababu uzi wa milima bila breki haujakamilika.

Gari la kilo 2,300 na tela la kilo 1,000 ni kilo 3,300. Kila mkishuka mita 100 za kimo, joto mnalolazimika kulimaliza linatosha kuchemsha lita 9 na nusu za maji kutoka baridi ya kawaida. Sehemu ya tela peke yake ni karibu lita 3. Sasa fikiria Kitonga kutoka juu, au kona 57 za Matamba kushuka Chimala. Tela lisilo na breki linaitupa sehemu yake yote kwenye pedi za gari, na pale mbele mlishapunguza uzito kwa shingo. Nchi nyingi za Ulaya, na Australia, haziruhusu tela linalozidi kilo 750 livutwe bila breki zake. Kwa milima yetu mimi ningeanzia 500.

Breki zipo za aina mbili. Za kusukumwa: tela likisukuma gari, shingo inajikunja na kuvuta waya. Ni rahisi, hazina umeme. Ubaya wake uko kwenye mteremko mrefu. Ukishuka kwa gia, tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zimeshika muda wote, zinapata moto na kufifia wakati wewe hujakanyaga chochote. Na ukirudi nyuma kwenye kona kali huku unapanda, zinashika zikidhani unasimama. Hakikisha kuna kifunga cha kuzizima wakati wa kurudi nyuma, na kinafikika.

Za umeme ndizo ninazozipendekeza. Sumaku ndani ya dramu, kidhibiti karibu na usukani, unaongeza na kupunguza kwa kidole. Tela likianza kutikisa mkia, kubonyeza breki za tela peke yake bila kukanyaga za gari kunalinyoosha. Kurekebisha: nyanyua gurudumu, zungusha kirekebishi hadi lisizunguke, rudisha meno 8 hadi 10. Kisha kwenye njia nyofu kavu, kwa kilomita 30 kwa saa, panda kidhibiti hadi magurudumu ya tela yakaribie kukwama, shusha kidogo. Ukibadilisha mzigo, rudia.

Kinachoziharibu ni waya mwembamba. Sumaku mbili zinakula kama ampea 6. Kwenda na kurudi mita 12 za waya wa mm za mraba 1 unapoteza volti 1.26. Kwa waya wa 2.5 unapoteza nusu volti. Mtu anafunga breki nzuri kwa waya wa taa, anasema breki za umeme hazina nguvu. Weka 4 na usahau. Waya wa kurudia uende hadi betri, usitegemee gololi yenye grisi kupitisha umeme.

Na mafuta ya breki ya gari yabadilishwe. DOT 4 mapya yanachemka nyuzi 230, yakishanyonya unyevu yanaweza kushuka hadi 155. Yakichemka unakanyaga pedali inazama sakafuni.

---

Mwananyasa

Mkuu WayaMwekundu, ile kauli ya "gia uliyopandia ndiyo ya kushukia" inatosha?

---

WayaMwekundu

Inatosha kwa gari tupu. Ukiwa na tela shuka gia moja chini yake, na uingie kwenye gia hiyo kabla mteremko haujaanza. Na kumbukeni kupanda: injini ya dizeli isiyo na tabo, kama 1HZ ya Land Cruiser, inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kimo. Ukifika Kitulo umebaki na robo tatu. Tumia gia za chini za magurudumu manne kwenye kona zilizokaza, klachi itakushukuru.

---

Turubai_Iringa

Upepo wa matairi jamani. Watu wanajaza tairi la tela sawa na la nyuma la gari, psi 40 au 45. Tairi la tela hilo linabeba kilo 450 tu. Kwa lami 28 hadi 30 zinatosha, kwenye rasta 22 hadi 25 na mwendo usizidi 60. Hili peke yake linaokoa friji na vyombo kuliko springi ya bei mbaya.

Gari lenyewe: pima asubuhi likiwa la baridi, pima tena baada ya saa moja ya lami. Ikipanda 4, uko sahihi. Ikipanda zaidi, ulianza na upepo mdogo; ikipanda chini ya hapo, ulijaza mno. Na msihangaike kurekebisha upepo kwa ajili ya kimo mkitoka Matema hadi Kitulo. Hewa ya juu ni nyepesi, geji inapandishwa kama 3, lakini baridi inashusha kama 2 au 3. Vinakaribia kufutana.

---

MizaniKwanza

Jambo la gololi nalo. Zipo za mm 50 na zipo za inchi moja na saba ya nane, yaani mm 47.6. Kwa macho ni sawa, na kikombe cha 50 kinafunga juu ya 47.6 na kitasa kinalia "ka" vizuri kabisa. Kwenye shimo la kwanza la maana kinachomoka. Pimeni kwa kalipa. Ukishafunga, tumia jeki ya shingo kuinua shingo hadi nyuma ya gari inyanyuke sm 3. Ikinyanyuka pamoja, imeshika. Minyororo miwili, ipishane kwa chini kama mkasi ili ikishindikana shingo idondokee juu yake isichome ardhi. Kwa njia mbaya kweli, gololi ya kawaida inafika mwisho wa kuinama kwake, hapo kiungo cha kuzunguka pande zote kina haki ya bei yake.

---

Kona57

Nimeelewa. Nitaanza na tela lisilozidi tani moja, breki za umeme, springi ya kati, yubolti mpya. Swali la mwisho: yubolti zikazwe tena lini? Nikitoka Mbeya asubuhi.

---

JaniLaTatu (Mafinga)

Tembea kilomita 50 za lami bila tela kwanza, kaza, kabla ya siku ya safari. Siku ya safari simama Chimala kwenye uwanja tambarare kabla ya kuanza kupanda: spana ya kipimo kwenye nati nane za yubolti, nati za magurudumu ya tela, kiganja kwenye habu zote mbili. Rudia baada ya kilomita 500. Weka alama ya rangi nyeupe inayovuka nati na uzi wa bolti, ukishuka asubuhi na tochi unaona bila spana kama kuna iliyosogea. Ikisogea mara mbili baada ya kukazwa, usiikaze mara ya tatu. Ifungue, huenda senta bolti chini yake imekatika.